Kitabu Kwanza, Nauli Baadaye

Kila shule zinapokaribia kufunga, maswali mawili huanza kuwafikia wanaoandika mambo ya safari upande huu wa Ziwa Viktoria. La kwanza huulizwa waziwazi, kutoka Isebania hadi Kendu Bay: mtu mwenye siku chache za likizo na pesa za kuhesabu aende wapi? La pili huja kwa sauti ya chini: mtu ambaye hajamaliza riwaya hata moja tangu afanye KCSE aanze na kitabu kipi?

Maswali yote mawili yana jibu moja. Tafuta kitabu kinachogusa mahali unapoweza kufika, ukisome, ndipo uende. Hilo halihitaji mshahara mkubwa wala kungoja mjomba wa Nairobi atume pesa. Linahitaji mpango, na mpango wenyewe ni huu.

Kagua orodha ya matamanio

Watu wengi wa Migori na Homa Bay wana orodha ya safari tayari, hata kama haijaandikwa popote. Mombasa kwa treni ya SGR. Zanzibar. Maasai Mara wakati nyumbu wanavuka mto. Dubai, kwa wenye ndoto ndefu. Hakuna ubaya katika hayo. Shida ni kwamba orodha hukaa miaka bila kupungua hata mstari mmoja, huku mwenye nayo hajawahi kukanyaga Thimlich Ohinga, ngome ya mawe ambayo wageni wa ng'ambo hufunga safari kuja kuiona.

Chukua daftari ufanye hivi:

1. Andika kila mahali unapotamani, pa karibu na pa mbali, bila kufikiria bei.
2. Kando ya kila jina andika kitabu, hadithi ya nyanya, somo la historia au habari iliyokutia hamu. Pakibaki patupu, huenda hamu hiyo ilitokana na picha tu uliyoiona kwenye simu.
3. Gawa majina makundi matatu: kwenda na kurudi siku moja, kulala usiku mmoja, na kuvuka mpaka.
4. Chagua jina moja tu kutoka kundi la kwanza. Liwekee tarehe, kisha umwambie mtu tarehe hiyo.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mtu husema "nikipata nafasi", na nafasi haiji. Harusi huwekewa tarehe hata kabla ya pesa kupatikana, na michango hufuata. Safari nayo inastahili heshima hiyo.

Wapo watakaopinga: kwa nini mtu apande gari kwenda kuona mawe yaliyo katika kaunti ileile aliyozaliwa? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajaambiwa mawe yale ni nini. Anayefika bila kusoma huzunguka robo saa, hupiga picha, hurudi akisema hakuna kitu. Aliyesoma hushinda pale hadi mwongozaji aanze kuangalia saa.

Vitabu vya kuanzia

Kenya ina watu wengi waliosoma riwaya kwa ajili ya mtihani tu: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, dondoo na muktadha wake. Mtihani ulipoisha, kitabu nacho kilifungwa. Kwa msomaji wa namna hiyo, njia rahisi ni kurudia kitabu kilekile cha shule, safari hii bila kalamu mkononi. Atashangaa jinsi hadithi ilivyo tamu pale ambapo hakuna wa kumuuliza sifa 4 za mhusika.

Hivi vinafaa kuanzia, na kila kimoja kina njia ya kufika mahali fulani:

- *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kijana anatoka Tanga, anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Ni riwaya ya safari, lugha yake inateleza, na haichoshi. Aliyekata tamaa na kusoma aanzie hapa.
- *The River and the Source* ya Margaret Ogola, 1994. Vizazi vinne vya familia ya Kijaluo, kuanzia kwa Akoko, mjane anayefunga safari hadi Kisumu kudai haki yake kwa mtawala wa kizungu. Mwaka 1995 riwaya hii ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi na ile ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika.
- *The Promised Land* ya Grace Ogot, 1966. Ochola na mkewe Nyapol wanaacha Nyanza na kuhamia Tanganyika kutafuta ardhi na utajiri. Kwa msomaji wa Migori mwenye jamaa Rorya, ng'ambo ya mpaka, hiki karibu ni kitabu cha ukoo.
- *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, 1971. Inatokea Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa letu hilihili upande wa Tanzania. Ni fupi lakini nzito. Ina mambo ya watu wazima, kwa hiyo asiachiwe mtoto wa gredi ya sita.
- *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ya Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe aliyeiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuingoja hadi 1980 ilipochapishwa kwa Kiswahili. Ni kinene sana. Humo mna uvuvi, kilimo, pombe, ndoa, dawa na adabu za wakwe. Kiwe cha tatu au cha nne, kamwe si cha kwanza.

Anayesoma Dholuo atafute *Miaha* ya Grace Ogot, iliyotoka 1983. Wengi hawajawahi kusoma kitabu kizima kwa lugha wanayoota nayo usiku, na inauma kwamba shule iliwaachia wazo kuwa lugha hiyo ni ya kanisani na sokoni tu.

Vitabu vyenyewe vinapatikana wapi? Uliza nyumbani kwanza. *Siku Njema* na *The River and the Source* zilitahiniwa miaka mingi, na nakala zake zimelala kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda vya waliomaliza Kidato cha Nne. Maktaba ya umma ya Awendo ni rahisi kufikiwa na anayeishi kando ya barabara kuu ya A1, na ya Kisumu ni kubwa zaidi. Walimu wa Kiswahili na Kiingereza huazima vitabu kwa furaha wakiombwa vizuri, mradi virudi.

Makosa yanayowarudisha watu nyuma ni yaleyale:

- Kuanza na kitabu kinene ili kulipa deni la miaka yote kwa mpigo.
- Kusoma kitandani usiku baada ya kazi ya kutwa, kisha kulaumu kitabu kwa usingizi.
- Kulazimisha kumaliza kitabu kisichoshika. Ukifika kurasa 50 bila hamu, kirudishe uchukue kingine.
- Kubeba kitabu kipya safarini. Kitabu cha mahali kisomwe kabla ya kwenda. Cha kubeba kiwe kile ambacho tayari kimekushika.

Safari za huku zina neema yake: Probox haiondoki mpaka ijae, na matatu vilevile. Saa nzima ya kungoja kwenye steji ya Rongo au Rodi Kopany inatosha sura nzima. Gari likiondoka, funga kitabu. Barabara za ndani zina mashimo, na kichefuchefu hakina msomaji hodari.

Safari ya siku moja: Thimlich Ohinga

Hapa ndipo pa kuanzia kwa mtu yeyote wa Migori. Ngome hii ya mawe iko kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kama kilomita 46. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ikieleza kwamba huenda ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wa kama mita moja, na hakuna udongo wala saruji inayoshikilia jiwe kwa jiwe.

Siri iko katika upangaji. Kuna safu ya nje na safu ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyojazwa ili kuzifunga pamoja. Milango ni mifupi kwa makusudi: anayeingia huinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ndani walikaa watu na mifugo yao. Nje kulikuwa na mahali pa kufua chuma. Jamii mbalimbali zilipokezana makao hayo kwa karne kadhaa, za Kibantu na za Kijaluo, na ngome nyingine za aina hii zimetapakaa kwa mamia kusini mwa Nyanza, ila hii ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi.

Kabla ya kwenda, soma sura za mwanzo za *The River and the Source*, zenye maisha ya boma la chifu kabla ya ukoloni kukita mizizi. Mwenye kiu zaidi atafute *History of the Southern Luo* ya Profesa Bethwell Ogot, 1967. Profesa Ogot, aliyefariki Januari 2025, alikusanya simulizi za wazee wakati ambapo wanahistoria wengi waliamini kwamba pasipo na maandishi hapana historia. Alikuwa mume wa Grace Ogot, na nyumba hiyo moja iliupa ukanda huu riwaya na historia.

Mambo ya kupanga:

- Ondoka asubuhi na mapema. Magari ya kuelekea Macalder hupatikana mjini Migori. Sehemu ya mwisho mara nyingi ni bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umlipe dereva salio ukisharudi salama.
- Malipo ya maeneo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen. Fungua akaunti ukiwa nyumbani penye mtandao mzuri, na uangalie kiingilio cha siku hiyo, maana bei hubadilika.
- Beba maji na chakula. Hakuna hoteli getini.
- Vaa viatu vilivyofungwa. Nyasi ni ndefu baada ya mvua.
- Mchukue mwongozaji wa Makavazi ya Kitaifa. Yeye ndiye atakayekuonyesha boma la Kochieng na jinsi lilivyogawanywa ndani.

Onyo moja, nalo ni la dhati: usipande juu ya ukuta kupiga picha. Hakuna kinachoshika mawe yale isipokuwa uzito wake na akili ya aliyeyapanga. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake hufuata.

Barabara zina udongo mweusi katika sehemu nyingi, na masika ya Machi hadi Mei huugeuza kuwa utelezi mtupu. Januari, Februari, Julai na Agosti ni miezi ya kuaminika zaidi.

Siku moja nyingine: Kendu Bay

Ziwa Simbi Nyaima liko karibu na Kendu Bay, nalo ni ziwa la kasoko lenye maji ya magadi. Flamingo huja kwa misimu yao, wakati mwingine wengi, wakati mwingine hapana hata mmoja. Asifunge safari mtu kwa ajili yao pekee. Anayekwenda afuate hadithi: bibi kizee aliyefika kijijini wakati wa sherehe akanyimwa hifadhi, mwanamke mmoja aliyemhurumia, kisha maji yaliyomeza kijiji kizima usiku ule.

Hapa kitabu cha kwanza ni mzee wa nyumbani kwako. Kabla ya safari, muulize nyanya au jirani mzee akusimulie, kisha ukifika ziwani umuulize mwenyeji akusimulie tena. Masimulizi hayatafanana, na tofauti zake ndizo raha yenyewe. Asenath Bole Odaga, aliyeanzisha Lake Publishers mjini Kisumu, alitumia miaka mingi kuandika hadithi za namna hii zisipotee. Anayetaka kumuenzi aandike toleo la nyanyake kwenye daftari, jina la msimulizi na tarehe vikiwapo.

Njiani kuna Kanyadhiang, ambako Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, aliishi kabla ya kuhamia Kogelo. *Dreams from My Father*, kitabu cha Obama cha 1995, kina sura ndefu za Kenya. Kisome kama kitabu cha mtu anayetafuta nyumbani kwao. Wengi wanafahamu njia ya Kogelo. Wachache hukumbuka kwamba hadithi hiyo ina mguu mmoja Rachuonyo.

Kulala usiku mmoja: Rusinga na Mfangano

Barabara ya lami kutoka Homa Bay inafika Mbita, na daraja linakuvusha hadi Rusinga bila kulowa. Wanaotoka upande wa Siaya wana kivuko cha Luanda K'Otieno hadi Mbita, kinachofupisha mzunguko mrefu wa kupitia Kisumu.

Rusinga ndiko alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya. Alizaliwa 15 Agosti 1930 na kuuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake liko ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Kitabu cha kusoma kabla ya kwenda ni *Freedom and After*, alichokichapisha 1963, mwaka wa uhuru. Kimeandikwa na kijana mwenye haraka: vyama vya wafanyakazi, siasa za Nairobi, na mpango wa kuwapeleka wanafunzi Marekani kwa ndege ulioanza 1959. Aliyekisoma hutazama vitu vilivyomo katika jengo lile kwa jicho lingine, kwa sababu amekwisha kumsikia mwenyewe akizungumza.

Asiyependa siasa ana sababu nyingine ya kwenda. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua hapa fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mwezi wa Desemba kuna Tamasha la Utamaduni la Rusinga, lenye vyakula, nguo, ngoma na lugha ya Abasuba; anayelitaka atafute kitanda wiki kadhaa mapema.

Mfangano inahitaji chombo cha majini. Kuna Waterbus kutoka Mbita na kuna boti za kawaida za injini. Kisiwani kuna michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga, na Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Michoro hiyo ya miduara husemekana kuwa kazi ya Watwa walioishi hapa kabla ya wengine wote. Njia ya Kwitone ni ya kupanda mlima, kwa hiyo mwenye magoti mabovu achague Mawanga. Lugha ya Olusuba imebaki na wasemaji wachache, wengi wakiwa wamehamia Dholuo. Ukimpata mzee anayeisema, mpe muda wako wote.

Hapa *Rosa Mistika* au kitabu cha Kitereza kinafaa kuliko popote. Havikuandikwa kuhusu Mfangano, lakini vimeandikwa na watu waliolijua ziwa hili: mitumbwi, wavu, njaa ya msimu, na jinsi habari zinavyovuka maji kabla ya watu.

Tahadhari za ziwa

Sehemu hii isirukwe hata na mwenye haraka.

- Usipande boti bila jaketi la kuokoa maisha. Kama hakuna, ngoja boti nyingine. Kuona aibu kwa sababu wenyeji hawavai ni sababu mbaya ya kufa.
- Usikubali boti iliyojazwa watu, magunia na pikipiki hadi ukingo ukaribie maji. Shuka, hata kama umeshalipa.
- Vuka asubuhi pakiwa shwari. Upepo huzidi mchana na mawimbi hukua. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na wavuvi nao wana wao. Wakipingana, mwamini anayekuambia usiende.
- Usioge wala kuchota maji penye matete na konokono. Kichocho kipo, na viboko na mamba pia.
- Lala ndani ya chandarua. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, na homa baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo.
- Magugu maji huweza kuziba gati, hasa Homa Bay. Uliza kabla ya kupanga kurudi kwa maji.

Kuhusu Migingo: vijana wa Sori na Muhuru Bay huulizwa sana kama wanaweza kumpeleka mtu kukiona kisiwa hicho kidogo chenye mabati mengi na mzozo wa Kenya na Uganda. Ushauri wa makala haya ni kutokwenda kwa matembezi. Kuna askari, kuna masafa marefu ya maji wazi, na wanaoishi pale wapo kazini.

Ruma: kwa wenye gari au kikundi

Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 katika Bonde la Lambwe, ndiyo makao pekee ya swala aina ya korongo waliobaki Kenya, nao ni wachache mno. Kuna twiga, vifaru, nyamera na taya. Huwezi kuingia kwa bodaboda wala kwa miguu, na hapo ndipo safari za wengi hukwama.

Njia ni kuunda kikundi. Watu wanane wakikodi gari moja kutoka Homa Bay, gharama ya kila mmoja hushuka hadi kiasi cha kuvumilika. Vikundi vya akina mama na vyama vya walimu vina faida hapa, kwani tayari wana mweka hazina na mazoea ya kuchanga. Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani kibichi kilichofifia. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo, na bonde hili lina historia ya malale.

Pesa bila kujidanganya

Wengi hukadiria nauli ya kwenda na kusahau kila kitu kingine. Andika hivi: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, bodaboda za ndani, kiingilio, mwongozaji, chakula, malazi, na akiba ya kurudi nyumbani iwapo simu itapotea. Hiyo akiba iwe noti mfukoni, si kwenye M-Pesa.

Kuna mambo mawili ambayo mgeni hajui na mwenyeji husahau. Jumamosi matatu nyingi hukodiwa kwenda matangani, na anayengoja steji hungoja sana. Siku ya kazi ni bora. Na Desemba, wanaorudi kutoka Nairobi wanapojaa, nauli hupanda kila mahali. Safari ya ndani ifanyike kabla ya tarehe 20.

Kuhusu malazi, uliza shule, parokia na vituo vya kanisa kabla ya hoteli. Vyumba vyao ni vya kawaida, safi, na mara nyingi bei yake ni ya chini.

Kundi la tatu: kuvuka Isebania

Mtu akishakwenda na kurudi mara mbili tatu hapa nyumbani, yuko tayari kwa safari ya mpakani, na ya kwanza iwe Butiama. Ni katika Mkoa wa Mara, si mbali na Musoma, na ndiko alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922 na kuzikwa 1999. Kuna makumbusho yake pale.

Vitabu vya kusoma kabla ni viwili, vyote kazi ya mkono wake akiwa na nchi ya kuongoza: tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza 1963, na *Mabepari wa Venisi*, 1969. Visomwe kwa sauti, watu wawili wakigawana sehemu, kama vinavyopaswa kusomwa. Kenya na Tanzania zimegombana kuhusu mengi, lakini ukisikia mistari ile katika Kiswahili kilichopimwa, utajua mtu huyu aliichukulia lugha kwa uzito gani.

Karatasi zinazohitajika hazina mjadala:

- Pasipoti ya Afrika Mashariki au pasi ya muda. Kitambulisho cha Kenya hufaa kwa Uganda na Rwanda. Kwa Tanzania usikitegemee.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ipatikane angalau siku 10 kabla ya safari.
- Fedha ya Tanzania ya siku ya kwanza. Wabadilishaji wa mkononi pale mpakani huhesabu haraka. Hesabu mwenyewe polepole, mbele yao, kabla ya kuachia zako.
- Muhuri wa kuingia na wa kutoka. Njia za panya kati ya Isebania na Sirare ni nyingi na majirani huzitumia kila siku. Msafiri asiyekuwa na muhuri akikutwa na askari Tarime, maelezo yake hayatamsaidia.

Ombi la pasipoti huanzia eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa katika ofisi kama za Kisii na Kisumu. Foleni hurefuka kila likizo inapokaribia, kwa hiyo anayetaka kuwa Butiama mwezi wa nane aombe mapema mwaka huohuo, asipite mwezi wa pili, na akiwa kwenye foleni hiyo awe na kitabu mkobani.